Kidonda Kilichokataa Kufunga

Mimi ni msusi. Kwa miaka kumi na tisa nimewasuka watu nywele katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya mtaa wa Umoja, zile nyumba ambazo wenyewe waliziongezea vyumba mpaka zikafika ukingoni mwa barabara. Mteja wa nywele za mistari huketi kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, amenipa mgongo. Watoto wadogo wakichoka huniegemea. Ndivyo nilivyojua. Msichana wa miaka minne alisinzia nikiwa nimefika nusu ya kichwa chake, akaniangukia kifuani upande wa kulia, nami nikahisi kitu kigumu kimebanwa kati ya kichwa chake na ubavu wangu. Hakikuuma. Nilimaliza kumsuka, nikampaka mafuta, mama yake akaja kumchukua. Kisha nikafunga mlango, nikaingiza mkono ndani ya nguo, nikakitafuta. Kilikuwa pale pale.

Sitakawia kwenye vipimo. Miezi miwili baadaye, katika hospitali ya serikali, nilitolewa titi lote la kulia pamoja na tezi za kwapani. Nilirudi nyumbani na mrija uliotoka ubavuni ukimwaga maji mekundu ndani ya chupa ya plastiki. Chupa yenyewe niliibeba kwenye mfuko wa kitambaa begani, kama mtu aliyetumwa dukani.

Daktari aliyenipasua alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Siku ya kuniruhusu aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari hawalifanyi sana.

"Mama, wewe una sukari kwa miaka sita sasa," aliniambia. "Kidonda chako kitakwenda polepole kuliko cha huyu jirani yako. Usikikimbize. Mkono huu usipite bega. Usibebe mtungi. Ukisikia joto au harufu, au ukiona maji yasiyokatika, usingoje siku ya kliniki. Njoo."

Niliitikia ndiyo kwa kila neno. Mtu anayetaka kwenda kwake huitikia chochote.

Wiki ya tatu mrija ulitolewa. Nyuzi zilionekana zimeshika, ingawa upande wa kwapani ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva ambayo sikuipenda. Ilikuwa mwanzo wa Januari. Anayeijua kazi yangu anaijua wiki hiyo: shule zinafunguliwa, na kila mtoto wa kike hapa mtaani lazima awe na mistari iliyonyooka kabla ya Jumatatu. Wateja walipita wakichungulia dirishani.

"Mathe, uko?" wasichana wakubwa waliuliza. "Tunakungoja wewe. Wale wengine wanavuta mpaka macho yanatoka."

Maneno hayo yalinipendeza kuliko dawa. Wiki tatu nilikuwa mgonjwa, mtu wa kuletewa uji. Sasa kulikuwa na watu walioitaka mikono yangu. Nikajiambia nitasuka vichwa vitatu tu, tena vya mistari minene.

Vichwa viwili vilikwenda vizuri. Cha tatu kilikuwa cha mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea ambaye amekuwa mteja wangu tangu hajaolewa. Nilikuwa nimeinua kiwiko ili nianze mstari wa utosini nilipohisi kitu kikiachia chini ya bandeji. Maumivu hayakuwapo, maana sehemu ile ilikuwa imekufa ganzi tangu upasuaji. Palikuwa na joto tu, joto la maji ya kuoga, likishuka kuelekea tumboni. Halafu mwalimu akajigusa shingo. Akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vimelowa maji mekundu mepesi, yenye harufu.

Hakupiga kelele. Kwa hilo nitamshukuru hadi nife. Alisimama, nusu ya kichwa chake haijasukwa, akachukua taulo, akanikandamizia kifuani kwa mikono yote miwili. "Kaa chini, dada," alisema. "Kaa. Usiangalie." Na mimi nilichokuwa nikisema, tena na tena kama mtu aliyepotewa na akili, ni: "Samahani, nimekuchafua. Samahani, nimekuchafua." Alimpigia mume wangu simu kazini, akajifunga skafu juu ya zile nywele nusu, akanipeleka hospitali akiwa amenishika mkono njia nzima.

Walikuta maji yalikuwa yamejikusanya chini ya ngozi kwa siku nyingi, na viini vikaingia. Ukingo wa kidonda upande wa kwapani ulikuwa umegeuka mweusi. Daktari aliikata ngozi iliyokufa akaitoa, na kilichobaki kilikuwa shimo. Nilidhani atanishona upya. Akatikisa kichwa.

"Tukishona tutafungia uchafu ndani. Tutakiacha wazi, kijae chenyewe kutoka chini."

"Kwa muda gani?"

"Sukari ikitulia, wiki kadhaa. Isipotulia, mama, sijui."

"Na kemo?"

Akavua glavu zake. "Kemo itangoja. Zile dawa za kuua saratani zinaupunguzia mwili nguvu za kupigana na viini. Siwezi kukupa ukiwa na kidonda hiki."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugonjwa unaosonga mbele: upasuaji, kemo, matibabu ya miale, halafu kungojea majibu. Sasa nilikuwa nimezuiwa njiani na tundu la ukubwa wa yai la kuku. Na nilijua kwamba kama imebaki hata mbegu moja ya saratani mwilini mwangu, yenyewe haikuwa ikingoja.

Nikawa mtu wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hizo tatu nilikwenda kwenye chumba cha kufungia vidonda, nikakaa kwenye benchi refu la mbao na kina mama wengine mpaka niitwe. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo aliyeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akifanya kazi. Alivuta shashi ya jana, kile kitambaa chepesi chenye matundu, polepole kutoka ndani ya kidonda, na nilishangaa kila mara ilivyokuwa ndefu, kama utepe usiokwisha. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakijaza shashi mpya, akanifunga.

Pale kwenye benchi nilimpata rafiki. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Eastleigh, Mwislamu mrefu aliyevaa hijabu ndefu ya kahawia, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alipasuliwa wiki moja kabla yangu, upande wa kushoto, na kidonda chake pia kilikuwa kimeachia. Alilalamikia kila kitu: benchi, dirisha, chai ya mkahawa, harufu ya dawa ya kudekia.

"Huyu akiimba tena," alininong'oneza siku ya kwanza, "nitamwambia alete na kinanda."

Nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Sikuwa nimecheka tangu upasuaji. Kuanzia hapo tulisalimiana kwa kuulizana habari za vidonda jinsi watu wanavyoulizana habari za watoto.

"Chako kimeamkaje?" aliniuliza.

"Kinalia tu, dada. Na chako?"

"Changu leo kimelala."

Kidonda chake kilifunga mwezi wa Machi. Siku yake ya mwisho alituletea sambusa sote, akamkumbatia muuguzi yule yule wa nyimbo, kisha akaniinamia. "Na chako kitafunga, inshallah. Usichoke." Niliila ile sambusa nikimchukia. Lazima niseme ukweli. Tulianza pamoja, tukakaa benchi moja, tukaoshwa na mikono ile ile. Yeye alikuwa anakwenda kuanza kemo, na mimi nilikuwa nimebaki pale pale. Nilijiuliza nilikosa nini.

Sikuwa mimi peke yangu niliyejiuliza. Kina mama wa kanisa letu walikuja Jumamosi moja, wakaimba, wakaomba, wakatuachia unga, mkate na pakiti mbili za sukari, kwangu mimi niliyekatazwa sukari. Mmoja wao alibaki nyuma wengine walipotoka. Alinishika mikono.

"Dada, wakati mwingine kidonda kisichopona kinashikiliwa na jambo lililo moyoni," alisema. "Tafuta ni nani hujamsamehe."

Alisema kwa upendo, sina shaka. Nilikasirika, lakini hasira ilipopoa nilianza kutafuta. Nilimpigia simu binamu yangu ambaye tuligombana kwenye mazishi miaka mingi iliyopita, nikamwomba radhi. Hakukumbuka ugomvi wowote. Kesho yake muuguzi alipima kidonda, kikawa kama kilivyokuwa.

Sasa nizungumze juu ya mume wangu. Anafanya kazi katika kiwanda cha sabuni, na kabla ya hapo alilelewa Makongeni, mtoto wa mfanyakazi wa reli, katika nyumba ambayo habari za mwili hazikutajwa. Wakati wote huo alifanya kila kitu. Siku maji ya mfereji yanapofika, mara mbili kwa wiki, alijaza mitungi yote kabla ya kwenda kazini. Alipika. Alifua vitambaa vyangu na kuvianika ndani ya nyumba ili majirani wasihesabu madoa. Jambo moja tu hakulifanya: hakutazama. Nikianza kufungua vifungo vya blauzi, husimama. "Wacha nikaangalie maji," husema, hata kama mitungi imejaa pomoni. Hutoka, na hurudi akisikia nimemaliza.

Sikumuuliza. Niliamua kwamba anaona kinyaa, na nikaona nina haki ya kuumia kimya kimya.

Siku zisizo za kliniki nilijifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kioo kidogo nimekiegemeza kwenye ukuta. Sehemu ya chini kabisa ya shimo sikuiona kamwe. Nilikuwa nikijaza shashi kwa kukisia. Dada yangu mkubwa aliposikia hivyo alipanda basi kutoka nyumbani, magharibi, akaja kunisaidia.

Dada huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alifika na kuku, mihogo, na pakiti ya karatasi ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Kidonda hakikumtisha. Machozi yalimlenga alipokiona mara ya kwanza, lakini alikunja mikono ya blauzi akaanza kuosha. Kwa wiki tatu alikiosha siku ambazo sikwenda kliniki. Na kwa wiki tatu hizo hatukuona tofauti, ingawa muuguzi alisema nyama mpya nyekundu imeanza kuota chini. Sisi hatukuiona. Tulichoona ni shimo.

Jumamosi moja asubuhi dada aliifungua ile pakiti. Ndani kulikuwa na unga wa majani, wa kijani kibichi.

"Hii ndiyo iliyomponya baba mguu," alisema. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka baba akitembea tena. Sikulazimishwa, na nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimechoka kungojea, na nilimwamini dada yangu kuliko nilivyoamini maji ya chumvi. Nikalala chali, nikamwambia aweke.

Saa ya kwanza kulikuwa na ubaridi mzuri. Baadaye kukaanza kuwaka, kama pilipili kwenye jicho, sehemu ambayo nilidhani imekufa ganzi kabisa. Tukaufurahia ule moto. Tukasema dawa inafanya kazi. Jumapili tukaweka tena. Jumatatu niliamka nikitetemeka kwa homa, nikaenda kliniki nimejifunika shuka juu ya sweta.

Muuguzi alikuwa akiimba. Alitoa shashi, akainama, akachukua koleo lake dogo, akatoa chembe ya kijani akaiweka juu ya karatasi nyeupe. Akaacha kuimba.

"Mama, hii ni nini?"

"Sijui, sista."

Alinitazama tu. "Mama."

"Ni dawa ya kienyeji."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliosha kidonda kwa muda mrefu kuliko siku zote, chembe moja moja, na alipomaliza alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa na mche alioupanda mwenyewe, "Nyama yote iliyokuwa imeota, tumeipoteza."

Nililazwa siku tano, nikitiwa dawa kwenye mshipa. Walinibadilishia pia matibabu ya sukari, wakaniondoa kwenye vidonge, wakanianzisha sindano. Dada yangu alikaa kando ya kitanda siku mbili nzima bila kuzungumza, kitambaa cha kichwani kimeshuka hadi kwenye nyusi. Siku ya tatu alisema, "Nilitaka upone."

"Najua, dada."

Nilisema najua, lakini sikunyoosha mkono kumgusa. Jioni ile alirudi nyumbani. Tukakaa miezi kadhaa bila kupigiana simu, kila mmoja akingojea mwenzake.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa nyimbo alipanda hadi wodini. Mume wangu alikuwa amekuja kunichukua, amesimama mlangoni na mfuko wangu wa nguo.

"Huko nyumbani nani atakufunga?" muuguzi aliuliza.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu. Nikasema nitajifunga mwenyewe, kwa kioo. Muuguzi alimgeukia mume wangu.

"Baba, weka mfuko chini. Njoo unawe mikono."

Mume wangu aliutazama mlango. Nilijua anatafuta cha kwenda kuangalia. Nikageuza uso ili nisimwone akitoka. Kisha nikasikia maji yakimwagika kwenye sinki. Alinawa hadi kwenye viwiko, kwa muda mrefu, kama mtu anayeijua kazi ya sabuni. Akavalishwa glavu. Muuguzi akafungua bandeji, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji mume wangu akanitazama kifua.

Sikuwa na pengine pa kutazama ila uso wake. Taya lilimcheza.

"Ni kikubwa," alisema. "Nilidhani ni kidogo."

"Ni kikubwa," muuguzi alikubali.

"Kinauma wapi?" aliniuliza.

"Pembeni. Ndani hakiumi sana."

"Basi nitaanza na ndani."

Na akaanza. Muuguzi alimwonyesha mara moja, yeye akarudia.

Tulipofika nyumbani alipika chai isiyo na sukari, kwangu na kwake. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelificha tangu Desemba.

"Ulikuwa unakionea kinyaa?"

Aliuzungusha mkono wa kikombe mara kadhaa. "Mama yangu alikuwa nacho," alisema.

"Nacho nini?"

Alijigusa kifua, upande wa kushoto. "Kule Makongeni. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tuliambiwa ni jipu. Mimi ndiye niliyetumwa kumwaga beseni nje kila asubuhi. Siku moja hakuwa amejifunika vizuri."

Nimeolewa na mwanamume huyu miaka ishirini na miwili. Siku zote nilijua mama yake alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Nilidhani ni kifua kikuu. Katika ukoo wao walisema tu kifua, wakanyamaza, na kila mtu akaelewa alivyoelewa.

"Nilipokuona ukifungua vifungo," alisema, "nilikuwa narudi pale mlangoni na beseni."

Nilimmiminia chai nyingine.

Kuanzia kesho yake, kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani, alichemsha maji, akayapooza, akatia chumvi kama alivyofundishwa, akanifunga. Mikono yake ina mipasuko kutokana na kazi, na aliogopa itanikwaruza hata ndani ya glavu. Mara moja kwa wiki alipima kidonda kwa rula ya karatasi aliyopewa na muuguzi, na kina chake kwa kijiti cha pamba. Namba hizo aliziandika kwenye kalenda ya ukutani: urefu, upana, kina.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Mashine ikiharibika tunaandika kila siku," alijibu. "Hata isipobadilika, tunaandika haijabadilika."

Wiki mbili haikubadilika, naye akaandika hivyo. Wiki ya tatu kina kilipungua kiasi cha unene wa sarafu, akanionyesha kwenye kijiti, akatabasamu kidogo, akaenda kazini. Ziko wiki kilipungua, na wiki moja kilirudi nyuma kwa sababu sukari ilipanda. Mei ilipoisha shashi iliyoingia ilikuwa fupi kama kidole. Nilijifunza kuishi kwa kipimo hicho. Nilipunguza ugali, nikajidunga sindano zangu, nikatembea kila jioni kuzunguka mtaa nikiwa nimekunja mkono tumboni. Wateja walinisalimia kwa mbali. Wengine walikuwa wamepata wasusi wengine, na sikuwalaumu.

Kidonda kilifunga katikati ya Juni. Muuguzi alikipapasa kwa kidole chenye glavu, akavua glavu, akakipapasa tena kwa kidole kitupu.

"Kimefunga," alisema. Kisha akaimba kwa sauti kubwa, na kina mama walio kwenye benchi nje wakapiga makofi bila kujua ni ya nani.

Asubuhi iliyofuata nilisikia jiko likiwashwa saa kumi na moja na nusu. Nilimkuta mume wangu amesimama na sufuria ya maji yanayochemka, ametia chumvi tayari.

"Sasa haya niyafanyie nini?" aliuliza.

"Mwaga," nilisema. "Urudi ulale."

Lakini hakulala. Aliketi kitandani amevaa nguo za kazi, mikono juu ya magoti, mpaka saa yake ya kutoka ikafika.

Nilianza kemo Julai. Chumba cha kemo kilikuwa ghorofa moja juu ya kile cha kufungia vidonda, na siku ya kwanza nilitazama kila kiti nikimtafuta rafiki yangu wa Eastleigh. Nilihesabu kwamba atakuwa anakaribia kumaliza dawa zake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia changu kimelala, na pengine kumwomba radhi kwa yale niliyoyawaza nikila sambusa yake. Nilimuuliza muuguzi wa pale, nikamweleza alivyokuwa, urefu wake, malalamiko yake.

"Huyo alitutangulia mwezi wa tano," alisema. "Pole, mama. Ilikuwa imefika kwenye ini."

Kidonda chake kilifunga vizuri, mapema, kama tulivyoomba sote. Nilikaa na sindano mkononi, matone yakishuka, nikafikiria kwamba nilikuwa nimemwonea wivu mtu kwa muda ambao ndio wote uliokuwa umembakia.

Nguvu ziliporudi kidogo nilikwenda Eastleigh kutoa pole. Nililiulizia duka mpaka nikalipata. Binti yake alikuwa nyuma ya meza akikunja kitambaa. Nilimwambia nilikuwa nikikaa na mama yake kwenye benchi la hospitali.

"Wewe ndiye yule mama ambaye kidonda chake kilikuwa kinalia?" aliuliza.

"Ndimi."

"Alikuwa akituuliza kama tumesikia habari zako. Tulimwambia hatukujui, tutasikiaje? Akatugombeza."

Akaniletea kiti. Tulikaa, watu wakiingia na kuuliza bei.

Nywele zangu zilinyonyoka zote wiki ya tatu ya kemo. Zilizosalia nilizinyoa mwenyewe mbele ya kioo cha saluni, asubuhi, mlango ukiwa wazi. Dada yangu nilimpigia simu mwezi huo huo. Sikusubiri tena yeye aanze. Alipopokea hakusema haloo, alisema, "Kimefunga?" Nikamwambia kimefunga. Akalia, nami nikamwacha alie.

Binti yetu alipofunga shule Agosti, mume wangu aliwasha taa ya sebuleni, akazima televisheni, akamwambia habari za bibi yake. Alizisema zote, beseni na yote, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti. Mtoto alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa nini hamkuwahi kuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Sisi tulikuwa tunasema kifua," baba yake alijibu.

"Kwa hivyo ni pande zote mbili," alisema. "Kwako na kwa mathe."

"Ndiyo."

Akanigeukia akaniuliza kama anaweza kuona. Nilifungua vifungo. Kovu langu si mstari kama la wengine. Limedidimia upande wa kwapani, na ngozi pale ni nyembamba, inang'aa, na huvutika nikiinua mkono. Alilitazama kwa makini. Baba yake hakuondoka kwenye kiti.

Mwaka umepita sasa na zaidi. Mkono wangu wa kulia unafika usawa wa sikio, hauzidi hapo, na jioni huvimba. Nasuka vichwa viwili kwa siku, nikipumzika katikati. Kila baada ya miezi mitatu narudi kupimwa, na kila mara nakwenda bila kujua nitakachoambiwa. Binti yangu amemaliza shule, anajichunguza mwenyewe kila mwezi, na ameshaonana na daktari mara moja. Kipimo changu kingine ni Alhamisi ijayo. Mume wangu ameomba ruhusa kazini.